Mshipi Kabla ya Ngao

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini goti la kushoto limekupunguzia adhabu, na kwamba bado unawagongea waombezi milango kabla jua halijatoka. Mimi ni mzima wa mwili. Chumba changu kina dirisha sasa. Mwenye nyumba amelitoboa baada ya mwaka mzima wa kumsumbua. Baba ameniandikia kwamba mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, na kwamba wewe ndiye uliyemzalisha ingawa ulishastaafu. Hongera sana. Na kaburi la Kaka, mwanao, mmeshalijengea? Nimeuliza mara mbili kwa salamu sikujibiwa.

Sasa neno lenyewe. Nakuandikia kwa sababu simu ya jirani yako haifai. Anayeiweka kwenye sauti kubwa ni yeye, wanaosikiliza ni mtaa mzima.

Unajua kazi yangu. Huu ni mwaka wa nne naosha maiti na kuzipanga kwenye majokofu ya hospitali, na sijawahi kuogopa. Wenzangu walikuwa wakinicheka kwamba Chiriku anapiga soga hata na wasiojibu. Lakini tangu katikati ya Januari kuna kitu kinanipiga vita, tena mchana kweupe. Nikishika mpini wa droo, mkono unakufa ganzi mpaka begani. Nikianza kuomba, ulimi unakuwa mzito kama nimechomwa sindano ya jino. Wiki iliyopita nilikuwa namwosha mzee mmoja nikasikia mtu nyuma yangu anauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mteja aliyechoka kusubiri: "Na mimi?" Nikageuka. Hakuna mtu.

Mzee wa Funguo, mwenzangu wa zamu, anasema jengo lina mapepo, na kwamba wahudumu wawili kabla yetu waliondoka bila kuaga. Shangazi, kanisani wanakuita Jemadari. Nifundishe kupigana. Nianze wapi, nifunge siku ngapi, nisome nini?

Mpwa wako,
Chiriku


19 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Asifiwe milele. Barua yako ilikaa siku nne kwa fundi baiskeli kwa sababu aliyeileta hakutaka kupanda kilima. Goti ni lile lile, tumezoeana. Mtoto wa mdogo wako ana sauti ya tarumbeta. Baba yako anasema amerithi kwako, nami sikumbishia. Kuku wa mke wa mchungaji ametaga kwenye kiti cha mzee wa kanisa, na mzee akakalia Jumapili bila kuangalia. Hilo tu ndilo lililotuchekesha mwezi huu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimepiga magoti. Usiogope. Adui anapenda mtu aliye peke yake katika chumba cha baridi. Tutapigana, lakini tutapigana kwa utaratibu, si kwa kelele.

Fungua Waefeso sura ya sita. Watu wengi wakifika pale wanakimbilia upanga, kwa sababu upanga una sifa. Wewe soma polepole, uone kinachotajwa kwanza. Ni mshipi, na mshipi huo ni kweli. Halafu inakuja dirii kifuani, viatu, ngao, chapeo, na upanga mwisho. Nilipokuwa nazalisha, kitu cha kwanza kilikuwa kunawa mpaka viwikoni. Mama angelia vipi, ndugu wangenitukana vipi, nilinawa kwanza. Mshipi ni hivyo hivyo. Bila huo, vingine vyote vinakuning'inia tu mwilini kama nguo za kuazima.

Kwa hiyo funga siku tatu, kuanzia Jumatano. Kunywa maji, kazi yako ni ya kusimama. Asubuhi soma Zaburi ya tisini na moja kwa sauti. Jioni kaa kimya robo saa na umwulize Bwana: je, kuna mlango niliouacha wazi? Nami nakuuliza hivyo hivyo, mwanangu, bila hasira. Kuna kitu?

Waombezi kumi na wawili wanafunga pamoja nawe. Sikuwaambia jina la kazi yako, nimesema tu mtoto wetu yuko vitani.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua na kwa kuku. Nilicheka peke yangu mpaka Mzee wa Funguo akadhani yameshanipanda. Mvua huku ni kubwa, paa la chumba cha kuoshea linavuja juu ya meza ya pili, tumeweka ndoo.

Nilifunga zile siku tatu. Nikaongeza mbili. Nilisoma Zaburi kwa sauti kila asubuhi kabla ya kuvaa aproni, nikatembea na Biblia kutoka mlangoni mpaka droo ya mwisho, nikiamuru kila kisicho cha Mungu kitoke. Mzee wa Funguo alikuwa akiitikia Amina nyuma yangu kama kwaya ya mtu mmoja. Haikusaidia. Siku ya tano mkono ulikufa ganzi hadi nikaangusha beseni.

Halafu alikuja mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Tulimhudumia mama yake Januari. Alikuwa na shughuli zake hospitali, akasema hawezi kupita bila kunisalimia. Alinishika mikono yote miwili. Alisema, "Asante dada kwa kumwosha mama yangu vizuri vile. Umetusitiri." Nilichomoa mikono, nikaenda kuinawa mpaka viwikoni.

[Mistari mitatu imefutwa kwa wino.]

Nimekosea kuandika hapo juu, nisamehe kwa uchafu. Kuhusu swali lako, sijui ni mlango gani unaousema. Naomba silaha kali zaidi. Kuna maombi maalumu ya kuvunja madhabahu za jengo? Na hukuniambia habari za kaburi la Kaka.

Chiriku


28 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nyumbani wote wazima.

Sitakutumia maombi ya kuvunja madhabahu.

Mwanangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja. Nimewajua waliosema mimba ni ya miezi saba nami naona mtoto mwenye kucha ndefu. Nimewajua walioniambia wameanguka, na alama za vidole ziko shingoni. Uliyoyafuta niliyaweka dirishani kwenye jua. Wino wako ni hafifu. Nimesoma maneno manne: "kwa sababu hakuwa mama".

Mama wa nani? Umewapa watu maiti isiyo yao?

Kama ni hivyo, acha kulifukuza pepo jengoni. Pepo lililopo hapo umelifungia mlango wewe, na ufunguo uko mfukoni mwako. Weka pembeni Zaburi ya tisini na moja, soma ya thelathini na mbili, ya yule mtu aliyenyamaza mpaka mifupa yake ikachakaa. Kisha uende ukaseme. Kwa msimamizi wako, na kwa wenye mama yao. Ukishasema, niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie, maana sitakuwa na la kukujibu.

Nimeandika kwa ukali. Nakupenda, ndiyo maana.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Najua uliniambia nisiandike kabla sijasema. Sijasema. Naandika hata hivyo.

Nitakwambia yote, halafu nami nitakuuliza moja.

Ilikuwa Jumamosi katikati ya Januari. Mzee wa Funguo alikuwa msibani kwao, nilikuwa peke yangu, na nje familia tatu zinasubiri na kwaya inaimba. Kulikuwa na akina mama wawili wazee waliofariki wiki moja, mmoja droo ya nne, mwingine ya tano. Familia iliyokuja ilikuwa ya mama wa droo ya nne. Mimi nikafungua ya tano. Sikusoma lebo ya mguuni. Nilimwosha, nikamvalisha nguo walizoleta, nikamwita mwanawe aje amtambue, mwanaume mrefu mwenye koti. Alitazama muda wa kupepesa jicho, akaitikia kwa kichwa, akasaini. Wakaondoka wanaimba. Wakamzika.

Jumatatu akaja yule mwalimu na nguo za mama yake. Nikafungua droo ya tano, tupu. Damu ilinikauka. Kwenye ya nne alikuwapo mama wa yule mrefu, ana kovu kubwa la moto kwenye mkono wa kushoto. Ningeweza kusema palepale. Ningesema, "Dada, subiri, kuna kosa." Maiti ya kwanza ilikuwa na siku mbili tu ardhini. Badala yake nikakata lebo, nikaandika nyingine. Nikaificha ile mikono chini ya shuka. Mwalimu akaingia, akamwangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Mama amebadilika sana. Alikuwa mwembamba zaidi." Nami nikasema, "Kifo kinabadilisha sura, dada. Na dawa za mwisho zinavimbisha." Aliniamini kwa sababu mimi ndiye mjuzi. Akanipa mkono akaenda kumzika mama wa mtu.

Kosa la Jumamosi lilikuwa uchovu. La Jumatatu nililifanya nikiwa na akili zangu zote. Hilo ndilo linalouliza nyuma yangu.

Sasa swali langu. Mara nne nimekuuliza kaburi la Kaka. Umenipa kuku na goti. Baba alipita huku mwezi uliopita, nikamuuliza. Aliuma maneno kwanza, kisha akasema kwamba huu ni mwaka wa pili na hujakanyaga pale hata mara moja. Kwamba siku ya kumzika ulijifungia ndani, na waombezi wako wakawaambia watu uko katika maombi. Shangazi, unanidai mshipi. Wako uko wapi?

Nisamehe. Sijawahi kukusemesha hivi maishani mwangu.

Mpwa wako


29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika upesi, siku tano tu. Nilikaa nayo wiki tatu. Nilikuwa nimekasirika, nikawasha jiko niichome, kisha nikapika uji juu ya moto huo na barua nikairudisha kwenye Biblia. Baba yako ameniomba radhi kwa mdomo wake mrefu. Nimemwambia hana kosa.

Nitakwambia jambo ambalo hata baba yako halijui.

Kaka yako alipolazwa, kanisa zima lilinitazama mimi. Nilifunga siku ishirini na moja. Siku ya kumi na tisa nilisimama madhabahuni nikasema, "Bwana ameniambia mwanangu hatakufa." Watu walilipuka kwa shangwe. Daktari alikuwa amemwambia mkewe ampeleke hospitali ya rufaa, kuna upasuaji ungejaribiwa. Mkewe akaja kwangu akilia kwa furaha, akasema, "Mama, kama Bwana amesema, basi tusimsumbue na safari." Nilinyamaza, akaelewa kwamba nimekubali. Siku sita baadaye akafa.

Chiriku, Bwana hakuwa ameniambia kitu. Siku ishirini na moja sikusikia hata neno moja. Nilisema vile kwa sababu kumi na wawili walikuwa wamenikodolea macho, na kwa sababu nilidhani nikisema kwa nguvu atalazimika kutenda.

Walipoenda kumtambua walinisihi niende. Sikwenda. Kumzika sikwenda. Yule mwanaume wa koti aliyetazama muda wa kupepesa jicho namwelewa kuliko unavyofikiri. Tangu siku ile naongoza maombi kwa mdomo. Nikifika nyumbani sisemi na Mungu lolote. Nilikufundisha silaha ambazo zangu nilishazivua.

Jumapili iliyopita nilisimama tena pale pale. Nikawaambia. Mkwe wangu alikuwa benchi la tatu na watoto. Hakupiga kelele, aliwachukua watoto mikononi akatoka, na mpaka leo hajarudi kwangu. Kundi la waombezi limepewa kiongozi mwingine. Mchungaji amesema nipumzike, kwa maneno mazuri. Wawili kati ya wale kumi na wawili bado wananisalimia.

Sikuambii haya ili uone ni rahisi. Si rahisi. Alhamisi nilipanda mpaka kaburini. Halijajengewa, ni udongo na majani. Nilikaa chini na goti langu likakataa kuinuka, ikabidi nisubiri mpita njia anivute mkono.

Sitakuamuru tena. Ukisema, nitakuwa nawe. Usiposema, nitakuwa nawe vilevile, lakini nitalia.

Shangazi yako


21 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwa Baba kwamba mkwe wako amekubali watoto waje Jumamosi, hata kama yeye anabaki nje ya geti. Huku nimehama. Nipo kwa fundi cherehani mmoja wa kanisani, ananipa kona ya kulala na ninamshonea vifungo.

Nilisema.

Nilianza na msimamizi, tarehe kumi na mbili Julai. Nilifunga siku moja tu kabla yake, na sikupiga kelele za vita. Nilisoma ile Zaburi ya thelathini na mbili, nikasema, "Bwana, nilidanganya." Ulimi haukuwa mzito. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akauliza, "Umeshamwambia mtu mwingine?" Nikasema shangazi yangu. Akasema, "Basi tuwaache marehemu walale. Ukiwaamsha, unajichimbia wewe." Alisema kwa huruma kabisa, Shangazi. Hapo ndipo nilipopigana. Kwa dakika nzima nilitaka kumkubalia kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nilitoka pale nikaenda shuleni kwa yule mwalimu. Alikuwa darasani. Akatoka barazani na chaki mkononi, akitabasamu. Nilimweleza nimesimama, bila kuzungusha. Tabasamu liliondoka polepole. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja: "Mikono yake uliificha makusudi?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, nikamsikia akiendelea na somo la sehemu kutoka pale alipoishia. Sauti yake ilikuwa sawasawa. Ningeshukuru kama angenipiga.

Yule mrefu nilimkuta gereji anakofanya kazi. Aliketi chini kwenye mafuta. Akasema, "Nilitazama paji la uso tu. Nilitaka yaishe." Kisha akalia mbele ya mafundi wenzake, nao wakajifanya wanatafuta spana.

Familia zote mbili zilikwenda polisi, na wiki iliyopita amri ya mahakama ikatoka, makaburi yakafukuliwa. Polisi walikuwepo, na bwana afya na barakoa zake. Waliniita niwepo kwa sababu ni mimi niliyewavalisha wote wawili. Sitakuandikia nilichokiona. Niliangalia, Shangazi. Niliangalia wote wawili, nikasema nani ni nani, bwana afya akaandika. Mkono haukufa ganzi. Mwalimu alisimama mbali, akasubiri mpaka mama yake alipohamishwa. Nilimsogelea. Akasema, "Usiniombe msamaha. Sina." Nikarudi nilipokuwa nimesimama.

Kazi nimefukuzwa. Nimeshtakiwa kwa kughushi lebo na kuvuruga miili ya marehemu. Kesi ni tarehe ishirini na tisa Septemba. Wakili wa msaada wa kisheria anasema kifungo kinawezekana. Mzee wa Funguo hanisalimii, anasema nimewachafulia jina.

Ile sauti haijarudi tangu siku nilipomweleza mwalimu pale barazani. Amani nayo haijaja, nisikudanganye. Nakula, nalala, naomba kwa maneno machache. Naogopa sana gereza. Niombee, na kama Bwana akikwambia lolote kuhusu hukumu, nijulishe.

Chiriku wako


1 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Watoto walikuja. Mdogo aliniuliza kwa nini baba yake alikufa, nikamwambia alikuwa mgonjwa na kwamba bibi alikosea. Akaomba maji ya kunywa.

Kuhusu hukumu, Bwana hajaniambia neno. Nimeomba kila asubuhi, nimepata kimya, na kimya hicho ndicho ninachokuletea. Sitasema utaachiwa. Sitasema utafungwa.

Nimekata tiketi ya basi la tarehe ishirini na saba. Baba yako anataka kunisindikiza, nimemwambia abaki na mjukuu. Niandikie jengo la mahakama liko upande gani wa stendi, na kama kuna ngazi nyingi, ili nitoke mapema. Nitakaa benchi la karibu na wewe kadiri askari watakavyoniruhusu. Wakikuchukua, nitakuwa nimekuona ukichukuliwa, sitageuza uso. Wakikuacha, tutarudi wote kwa miguu mpaka kwa huyo fundi cherehani, polepole.

Shangazi yako